Sentensi za Ijumaa

Ujumbe wa Kagwiria uliingia kwenye simu nikiwa studioni, nikisoma matangazo ya vifo ya jioni. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kila jioni watu wa Embu hunyamaza kidogo, wengine wakiwa na mwiko mkononi, ili wasikie ni nani ametuacha, ni mtoto wa nani na atazikwa wapi, na mimi ndiye ninayewaambia, kwa Kiembu safi kisichochanganywa na kitu. Wasikilizaji hunipigia wakisema nina sauti ya kumlaza mtu. Walio hai sijui, lakini wafu nimewalaza wengi. Basi katikati ya marehemu mmoja na mwingine nikausoma ule ujumbe: “Wawira dear, Mwalimu Nkonge alipata stroke. Class yetu tunaenda kumuona Saturday huko kwake Githongo. Please usikose, wewe ndio pride yake.” Fundi wa mitambo alinitazama kupitia kioo, maana wimbo wa maombolezo ulikuwa ukicheza na mimi nilikuwa nacheka.

Sitaeleza ilikuwaje mtoto wa Kanja, kwetu Embu, aliyelelewa na nyanya yake, akapelekwa kumalizia darasa la nane huko Meru. Ni habari ndefu ya watu wazima na wengi wao walishakufa. Nitasema tu kwamba nilifika Githongo Januari nikiwa na sanduku la bati na blanketi, na kwamba mwaka huo ndio uliokata maneno kati yangu na nyanya huyo, Cucu wangu. Bweni letu lilikuwa stoo ya zamani ya kahawa. Walikuwa wameipiga chokaa na kupanga vitanda, lakini harufu ya maganda ya kahawa ilikuwa imeingia ukutani na haikutoka, na mvua ikinyesha ilirudi kana kwamba gunia limefunguliwa pale pale. Tulilala wawili wawili. Mimi nilipewa kitanda cha pembeni pamoja na Kagwiria, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa, ambaye mama yake alikuwa akimletea ovakado Jumapili za kutembelewa. Alizikata kwa rula, akanipa nusu iliyobaki na kokwa, akajichukulia nusu ile nyingine. Nilimpenda kwa ajili ya ovakado hizo kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote isipokuwa Cucu. Chakula cha shule kilikuwa githeri, mahindi magumu na maharagwe ya kutafuta kwa tochi, na uji wa asubuhi ambao tuliunywa kwa sababu ulikuwa moto, si kwa sababu ulikuwa uji.

Kulikuwa na diski. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa, lakini vijana siku hizi hunitazama kama ninayetunga. Kilikuwa kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba ya katani, na ukinaswa ukisema lugha ya nyumbani ulikivaa shingoni mpaka umnase mwenzako. Shule nyingi zilikuwa nacho. Kwetu kilikuwa na kazi zaidi, na kazi hiyo aliibuni Mwalimu Nkonge. Alitufundisha Kiingereza. Hapa namnukuu kwa Kiswahili, ingawa mbele yetu hakuwahi kutamka neno la Kiswahili wala la Kimeru chake mwenyewe. Hata mbwa wake alimfukuza kwa Kiingereza. Hakuwa mtu wa viboko. Alivaa koti la rangi ya udongo lenye chaki mfukoni, akazungumza taratibu, na wazazi walimsifu kwamba hapigi watoto. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya chakula, aliandika kielezi kimoja ubaoni. Sisi tulitakiwa kutafuta maneno yenye maana ile ile, kisha kila mtu atumie lake katika sentensi. Na sentensi zote zilikuwa juu ya mtu mmoja: yule aliyekuwa amevaa diski siku hiyo. Mtu huyo alisimama mbele, mgongo kwenye ubao, akatutazama huku tukimtumia.

Ubaya wake haukuwa hapo, kwa sababu watoto wangeweza kutunga upuuzi wowote na ukapita. Ubaya ulikuwa katika sharti lake. “Sentensi iwe ya kweli,” alisema. “Sitaki porojo. Nipe kitu ulichokiona kwa macho yako.” Basi wiki nzima tulimchungulia kila aliyevaa diski, anavyokula, anavyooga, anavyolala, ili Ijumaa tuwe na kitu. Aliyetoa sentensi bora alisamehewa kwenda kuchuma kahawa katika shamba la Mwalimu Jumamosi, na mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye mibuni ya Githongo asubuhi yenye umande, mikono ya sweta imelowa mpaka kwenye viwiko, hawezi kujua tuliutaka msamaha huo kiasi gani. Nakumbuka Ijumaa ya “slowly”. Aliyesimama alikuwa Mutuma, mvulana mkubwa aliyekuwa amerudia darasa. Mmoja akasema Mutuma hutembea “sluggishly”. Mwingine akasema Mutuma husoma “gradually”, na Mwalimu akalikataa neno, akaeleza kwa subira kwamba “gradually” lina maana ya kufika mwishowe, na Mutuma hatafika. Tulicheka sana. Mutuma naye alicheka, machozi yakimtoka, na hakuna aliyeuliza ni machozi ya aina gani.

Mimi nilisimama mbele karibu muhula wote wa kwanza. Mmeru akiteleza, wenzake walikohoa kumfunika. Mimi nikiteleza walininyooshea kidole, maana nilikuwa mtoto wa kuja na Kiembu changu kiliwachekesha. Walisema ni Kimeru kilichoanguka kutoka kwa lori. Nikaitwa Embu, kana kwamba wilaya nzima imelala bweni lao. Jioni, nikijifanya nimelala, niliwasikia wakisaka.

“Umepata ya kesho?”

“Bado. Niko na ile ya vile analamba sahani.”

“Hiyo ilitumiwa. Tafuta ingine, wacha uvivu.”

“Basi ni hii, ameshonea nguo ya ndani na uzi wa gunia. Si neno ni ‘poorly’?”

Na kweli ilitumiwa, mbele ya wavulana, na Mwalimu akasema ni matumizi mazuri ya kielezi.

Mwezi wa baridi, siku chache kabla ya mtihani wa mock, mjomba alikuja kutoka Kanja akasimama langoni, kofia mkononi. Cucu alikuwa amefariki. Alitaka kunichukua twende tukamzike. Nilikuwa nimeshafunga blanketi langu Mwalimu Nkonge alipofika, maana yeye ndiye aliyesimamia watahiniwa. Alimsalimia mjomba kwa heshima, akamwita nje kidogo ya lango, lakini nilisikia. “Mtihani ni wiki ijayo,” alisema, na mjomba, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea kibarua, akawa anaitikia kwa kichwa tu. “Aliyekufa hafanyi mtihani. Huyu atafanya.” Mjomba alinitazama kupitia lango. “Sasa nifanye nini, mwanangu? Mwalimu amesema,” aliniambia kwa Kiembu, akaondoka. Cucu alizikwa bila mimi. Jioni hiyo nilivishwa diski, kwa sababu nilikuwa nimemjibu mjomba kwa lugha aliyonisemesha.

Baada ya hapo niliacha kuongea. Haikuwa huzuni peke yake, ilikuwa pia akili: asiyefungua mdomo hanaswi. Darasani nilisema “Yes, Teacher” na “No, Teacher”. Bwenini nilitumia mikono na kichwa. Watu walinizoea kama walivyozoea mlango. Lakini kila jioni, kati ya chakula na prepu, nilipita nyuma ya jikoni palipopangwa kuni, nikaingia kwenye uwazi kati ya kuni na ua wa miiba wa kayaba, nikachuchumaa, nikaongea na Cucu. Nilimweleza siku yangu yote kwa Kiembu. Nilimwambia githeri ilikuwa na mchanga, nani amefinywa, nimeshinda hesabu, nisamehe sikuja. Nilinyamaza pale ambapo yeye angenijibu, na nilijua hasa angesema nini, maana alikuwa mwanamke wa kusema yale yale: umekula? umeoga? nani amekutazama vibaya nije? Watu wanaweza kuita jambo hilo wanavyotaka. Mimi nasema tulikuwa tukiongea. Kagwiria aligundua, akaja siku moja akanikuta, na badala ya kunicheka akakaa kwenye kona ya jikoni kunilinda. Mtu akikaribia, alikohoa. Hakuna aliyewahi kunikoholea katika shule ile isipokuwa yeye, na nilidhani sasa nimefika nyumbani.

Ijumaa moja ya muhula wa mwisho Mwalimu Nkonge aliandika “quietly” ubaoni, akapangusa vidole. Diski ilikuwa shingoni mwa Mutuma, na Mutuma alikuwa ameshaanza kusimama. “Kaa,” Mwalimu akamwambia. “Leo tutaiacha diski. Tunaye mtu ambaye ameamua kutunyima sauti yake, na neno hili ni lake. Wawira, njoo mbele.” Nilikwenda. Yakaanza. Wawira hula “silently”. Wawira hujikuna “noiselessly”. Wawira hutoa hewa “discreetly”, hiyo ilimchekesha mpaka Mwalimu. Nilitazama dirisha, nikahesabu moyoni kwamba kengele italia karibuni. Ndipo nikaona mkono wa Kagwiria umenyooka. Jumamosi iliyopita alikuwa amerudi kutoka shambani akitetemeka, vidole vimepasuka, akaniambia hawezi kwenda tena, afadhali afe. Nilikuwa nimevipaka vidole hivyo mafuta ya nazi yangu ya mwisho.

“Every evening,” Kagwiria alisema, na sauti yake kubwa ikapungua kidogo, “Wawira goes behind the firewood and talks softly to her dead grandmother in Kiembu.” Kila jioni Wawira huenda nyuma ya kuni, akaongea na nyanya yake aliyekufa, kwa sauti ya chini, kwa Kiembu. Kisha mtu akaguna, na kicheko kikalipuka hadi darasa la saba wakachungulia. Mwalimu Nkonge hakucheka. Aliinua kidole.

“Ni kweli?” alimuuliza.

“Yes, Teacher.”

“Umeona kwa macho yako?”

“Yes, Teacher.”

“Basi darasa, twende tuone. Sentensi nzuri namna hii haiachwi bila kuthibitishwa.”

Tulitoka kwa mstari. Mpishi alikuwa akipakua, akasimama na kijiko chake kikubwa akitutazama. Walijipanga kuzunguka kuni, warefu nyuma, wafupi mbele, na Mwalimu akaniingiza kwenye uwazi wangu kwa kunigusa bega tu, kwa upole. Akamvua Mutuma diski, akanivisha mimi. “Endelea,” alisema. “Usituogope. Onyesha darasa maana ya ‘softly’.” Nilitazama ule udongo niliokuwa nimeulainisha kwa kuchuchumaa. Nilitaka kunyamaza, lakini alisema tutasimama pale hata chakula kipoe, na wale watoto, ambao walikuwa na njaa, walianza kuninong’onezea, sema, Embu, si useme, githeri inaisha. Kwa Kiembu nisingeweza, kwa kuwa diski ilikuwa shingoni na Mwalimu mwenyewe alikuwa mbele yangu. Kwa hiyo nilimsalimia Cucu kwa Kiingereza. “Good afternoon, Grandmother,” nilisema. “I am fine.” Cucu hakujua Kiingereza. Aliwahi kusikia redio ya jirani ikikisema akauliza ni nani hao wanaogombana. Nilinyamaza pale pa yeye kujibu, kama kawaida, na hakukuwa na kitu. Palikuwa na kuni tu. “Umeona?” Mwalimu aliliambia darasa, amefurahi kwelikweli, mkono wake ukiwa kichwani kwangu. “Hata wafu wanaweza kujifunza.”

Kesho yake Kagwiria hakwenda kuchuma kahawa. Niliporudi nimelowa nilimkuta amekaa kitandani, amekata ovakado kwa rula, na safari hii alikuwa ameniwekea ile nusu isiyo na kokwa. Nikailaza sakafuni, nikaikanyaga kwa kisigino, nikapanda kulala. Nyuma ya kuni nilijaribu tena mara chache. Nilichuchumaa, nikafungua mdomo, na kila mara kilichokuja kwanza kilikuwa kile Kiingereza, kimenisimamia kooni, na nyuma yake Cucu haniulizi kama nimekula. Nikaacha kwenda. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa kwanza katika Kiingereza shule nzima, na Mwalimu Nkonge aliwaambia wazazi, mjomba akiwemo, kwamba nilifika pale sijui kusema.

Jumamosi ya kumtembelea tulikutana katika soko la Gakoromone kununua vitu. Kagwiria sasa ni mkuu wa shule, mnene, mchangamfu, na bado sauti yake inavuka soko zima. Alinikumbatia kati ya mafungu ya ndizi. “Wawira wa redio! Ati nyinyi mnajua huyu hakuwa anaongea? Ukimwona sasa!” Mutuma ana malori. Alilipia blanketi, unga na sukari bila kuuliza bei, na ndiye aliyetuendesha. Njiani walikumbuka yote wakicheka, sweta zilizolowa, uji, hata “sluggishly”, na Mutuma akacheka kwa sauti ile ile ya zamani. Kuhusu kuni hakuna aliyesema. Nadhani hawakuwa wakinificha. Nadhani walikuwa wamesahau, na hilo lilinikasirisha kuliko kama wangenicheka usoni.

Nyumba ya Mwalimu iko chini ya mibuni ile ile. Makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma, ukutani kuna vyeti vyake na kalenda ya kanisa. Yeye alikuwa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, amefunikwa shuka mpaka kifuani, upande mmoja wa uso umelegea. Binti yake, Kendi, alitueleza mlangoni. “Msishangae akiwa hawajibu. Daktari alisema ile sehemu ya lugha iliharibika. English imeenda yote, hata ‘yes’ hawezi. Amebaki tu na Kimeru, na ni kidogo, kaneno hapa kaneno hapa.” Akaenda jikoni kutuandalia chai. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali walinipa heshima ya kukaa karibu naye, kwenye kistuli, sikio langu karibu na mdomo wake. Alinitazama kwa jicho lake zima. Sijui kama alinijua.

Tuliomba, tukaimba, wakapiga picha. Ndipo Kagwiria akapiga makofi. “Tumfanyie ile game yake ya Friday! Word iwe ‘patiently’, na kila mtu aseme kitu juu ya Mwalimu. Lakini mnajua rule.” Wote wakaitikia kwa pamoja, wakicheka: sentensi iwe ya kweli. Mutuma alianza. Mwalimu alitufundisha “calmly”, alisema, na wakapiga makofi. Katika makofi hayo nilisikia kitu pembeni yangu, pumzi zaidi kuliko sauti. “Ruuji.” Ni maji, kwa Kimeru. Mtu wa pili akasema Mwalimu alitusahihisha “gently”. “Ruuji,” Mwalimu akasema. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, nikaiona vizuri. Jagi la maji lilikuwa mezani, chini ya vyeti. Nilikaa na mikono yangu magotini. Sentensi zikazunguka chumba, nyingine za kumfanya mtu alie, Kagwiria akafuta macho, na kila moja ilipoisha lile neno lilikuja, dogo zaidi, mpaka likawa ni mwendo wa ulimi tu. Kisha ikafika zamu yangu.

“Mr. Nkonge is asking for water uncomplainingly,” nilisema.

Wawili walianza kupiga makofi, wakaacha. Kagwiria alinitazama. “Ati nini?”

“Anaomba maji. Bila kulalamika. Ameomba tangu Mutuma aanze.”

“Ni kweli?” aliniuliza, na akasikia mwenyewe alichokisema, kwa sababu uso wake ulibadilika.

“Nimesikia kwa masikio yangu.”

Nilisimama, nikamimina maji kikombeni, nikayaleta mpaka karibu na kidevu chake. Mwalimu alinyoosha shingo. Nikakiondoa kikombe kidogo. “In English, Teacher,” nilimwambia, kwa upole, kama alivyokuwa akituambia. Jicho lake lilitoka kwenye kikombe likanipanda usoni, na hapo nilijua amenijua. Alijaribu. Alivuta midomo, akatafuta huko ndani, akatafuta tena, na kamasi nyembamba ikamtoka puani, na lililotoka lilikuwa “ruuji”. Kagwiria alininyang’anya kikombe, nusu kikamwagika kwenye shuka. “Wawira, haki ya Mungu, wewe ni mtu wa aina gani?” Nilifurahi. Lazima niiseme sentensi hiyo, kwa kuwa ni ya kweli: nilifurahi mwili mzima, na furaha hiyo ikanitoa nje mpaka nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na kuni zimepangwa, na nyuma yake kayaba. Sikuzitafuta, zilikuwa pale tu, kama zilivyo kwenye kila boma huko. Nilisimama nikasikiliza wakimnywesha ndani, wakimwambia pole, pole Mwalimu, na nikataka kumweleza mtu. Alikuwa mmoja tu ambaye angetaka kusikia, ambaye angeuliza, alilia? ulimwona vizuri? Kila jioni naita wafu wa watu kwa Kiembu, jina, ukoo, kijiji, sikosei hata mmoja. Nikachuchumaa katikati ya kuni na miiba, mtu mzima na vazi langu zuri, nikafungua mdomo nimwambie Cucu kwamba nimemlipa.

“Good afternoon, Grandmother,” nikasema.